Msichana Aliyekanushwa

Jumatatu asubuhi lifti ya wizara ilikuwa imeharibika tena, kwa hiyo Mama Kanusho alipanda ngazi mpaka juu huku viatu vyake vya kisigino amevishika mkononi. Alifika ofisini akihema, akavaa viatu, akafuta vumbi kwenye kompyuta kwa pembe ya mtandio, akakaa. Jina hilo alipewa na wenzake, naye hakuwahi kulikataa, jambo lililowachekesha, maana kukataa ndiyo kazi aliyoajiriwa kuifanya. Kila serikali iliposemwa vibaya, yeye ndiye aliyetunga taarifa ya kusema si kweli. Alikuwa na kipaji. Aliwahi kukanusha mafuriko huku waandishi wa habari wamesimama majini, na wao wenyewe wakaisifu taarifa kwa lugha yake nzuri.

Safari hii lililokuja lilikuwa zito. Ilikuwa ripoti kutoka nje, nene kiasi cha kuzuia mlango usijifunge, nayo ilisema kwamba serikali imefumba macho wasichana wake wakiuzwa. Wanaahidiwa kazi za dukani ng'ambo, wakifika wananyang'anywa pasipoti, wanafungiwa majumbani mwa watu, wanafua na kupiga pasi bila mshahara. Ilisema pia kwamba mawakala wanaowapeleka wana ofisi zao mchana kweupe, mmoja wao mkabala na wizara yenyewe. Hilo la mwisho lilimuudhi sana Mkurugenzi. Bango la wakala huyo ndilo lililokinga jua lisiingie dirishani kwake, naye hakupenda lisemwe vibaya.

Mama Kanusho hakuhitaji ripoti ili ajue. Mtoto wa dada yake, Kidoti, aliyeitwa hivyo kwa ajili ya doa jeusi alilozaliwa nalo shavuni, alikuwa amerudi kutoka huko juzijuzi tu, amekonda, ana kovu la pasi mkononi lenye ncha kama pasi yenyewe. Wote watatu, yeye, dada yake na msichana, waliishi nyumba moja. Lakini kazi ni kazi, na nyumba hiyo ililipiwa kodi kwa mshahara wa kukanusha. Akaandika: "Hakuna raia wetu hata mmoja aliyeuzwa."

Katika idara yao taarifa haikutoka kabla ya kutolewa miiba. Walikusanyika chumba cha mikutano, Mkurugenzi akaisoma kwa sauti, polepole, na yeyote aliyehisi sentensi imemchoma aliinua mkono, nayo ikaondolewa. Mtu hakuulizwa imemchoma wapi. Siku hiyo mikono yote ilibaki mapajani. Mkurugenzi alisema hata mtoto mchanga angeweza kulishwa taarifa hiyo, na mhasibu akasema funika kombe mwanaharamu apite, kisha wakaenda kula.

Waziri aliisoma kwenye televisheni jioni ileile. Nyumbani kwa Mama Kanusho Kidoti alikuwa sebuleni, anamenya vitunguu huku anatazama. Waziri alipofika kwenye "hata mmoja," msichana akatoweka. Kisu kiliendelea kumenya. Maganda yaliendelea kudondoka kwenye sinia, na kitunguu kilichomenywa kikaenda chenyewe kuungana na wenzake kwenye bakuli.

"Mama mdogo, mbona unanitazama hivyo?" Kidoti aliuliza.

"Sikutazami," alisema Mama Kanusho. "Sikuoni."

Kisu kikasimama. Kidoti alienda kwenye kioo cha ukutani, kandambili zake zikasikika zikienda, zikasimama. Kisha akasema kwamba basi, vitunguu bado viko vingi, akarudi kukaa.

Mama yake alitoka jikoni na mwiko. Hakupiga kelele, hakuwa mtu wa kelele. Alipapasa hewani mpaka akaupata uso wa mwanawe, akaupitishia vidole, pua, midomo, nyusi, akahakikisha kila kitu kipo mahali pake. Ndipo akamgeukia mdogo wake.

"Nimemngoja huyu mtoto mpaka macho yakaniuma. Amerudi, sijashiba kumwona, wewe umemfuta. Umelikoroga mwenyewe, ulinywe. Umemtoa kwa kalamu, mrudishe kwa kalamu."

Mama Kanusho alijua dada yake amesema kweli, na usingizi wake ulikuwa wa mang'amung'amu.

Mtaani hapakuwa na mshangao. Binti wa fundi cherehani naye alitoweka jioni hiyo, na wale dada wawili wa nyumba ya kona, na mke wa mtu mmoja aliyekuwa hajamweleza mumewe kwamba aliwahi kwenda huko. Mke huyo ndiye aliyepata shida zaidi. Watu walizoea upesi. Mwamvuli ulipopita peke yake, waliupisha. Mwenye duka alibandika tangazo kwamba wasioonekana waweke pesa mezani kwanza, ndipo waombe sukari. Mashabiki wa mpira walilalamika kidogo, kwa kuwa mtu anakaa kwenye kiti anachodhani kitupu, kumbe amepakatwa na binti wa watu, na maneno yanaanza.

Nafasi ya kuandika upya haikuchelewa. Wale wa nje walijibu kwamba taarifa haikuwaridhisha, na Waziri akataka nyingine. Mama Kanusho alipiga moyo konde. Aliandika: "Wapo. Mmoja anaishi nyumbani kwangu. Aliyempeleka ana ofisi mkabala na sisi, na mpaka leo hajaulizwa." Aliisoma mara mbili. Tangu aanze kazi hiyo hakuwa ameandika kitu kifupi namna hiyo.

Siku ya kutoa miiba mikono iliinuka kama darasani mwalimu anapouliza nani anataka kwenda kucheza. Katibu muhtasi alichomwa na "wapo." Mhasibu alichomwa na "nyumbani," akidai ni neno la kifamilia mno. Mkurugenzi alichomwa na "mkabala," tena akainua mikono yote miwili. Msemaji wa wizara, mtu mpole aliyependa watu wote waondoke wameridhika, akapendekeza kwamba pengine ibaki kusema kuna dosari ndogo hapa na pale, ambazo hazikosekani popote duniani. Hiyo haikumchoma mtu.

Waziri aliposoma "dosari ndogo," doa la Kidoti lilionekana. Ni doa peke yake, jeusi, la mviringo, likielea sebuleni usawa wa shavu. Mama yake aliweka mwiko chini, akalibusu. Alisema heri nusu shari kuliko shari kamili, na tangu siku hiyo akawa anaongea na doa, analikemea lisichelewe kurudi, analiuliza kama limekula.

Kidoti mwenyewe alicheka, kwa kuwa alipenda kucheka, akasema sasa hana haja ya kununua mafuta ya kujipaka. Lakini mama yake alipotoka alimsogelea mama mdogo.

"Ungenirudishia kovu," alisema. "Doa nilizaliwa nalo. Kovu walinipa wao."

Wizara ikapata habari kwamba ujumbe kutoka nje unakuja kujionea wenyewe. Kukawa na pilikapilika. Ukumbi ulipakwa rangi, lifti ikatengenezwa, na zabuni ya kuhudumia wageni ikatangazwa asubuhi na kufungwa kabla ya chakula cha mchana. Aliyeshinda ni wakala wa mkabala. Alieleza kwamba ana wafanyakazi hodari, hawahitaji sare, hawachukui nafasi, na hawatakuwa wakipitapita mbele ya kamera. Kwa upande wa mishahara alisema hilo wasijali, kwa kuwa ni vigumu kumlipa mtu ambaye serikali yenyewe imeshasema hayupo. Mkurugenzi aliona hoja hiyo haina mwiba.

Kidoti ndiye aliyetaka kwenda. Walipanga wawili, yeye na mama mdogo wake, wakinong'ona jikoni: ataandikishwa na wakala kama wenzake, atabeba chai mpaka mbele ya wageni, halafu atasema. Mwili ulikuwa umekanushwa, sauti haikuwa imeguswa na taarifa yoyote. Mama Kanusho alimfunga mkono kitambaa cheupe palipo na kovu, ili wageni walau wajue pa kutazama. Alikuwa na matumaini, na matumaini hayo yalimfanya apande ngazi siku hiyo ingawa lifti ilikuwa nzima.

Wageni walikaa. Birika zilikuja zenyewe, vikombe vikashuka mezani bila kugongana, vijiko vikakoroga. Wageni walitikisa vichwa kwa kuridhika. Kisha kitambaa cheupe kilisimama mbele ya meza kuu, na juu yake doa.

"Mimi niliuzwa," Kidoti alisema. "Aliyeniuza amekaa safu ya pili, amevaa tai ya bluu. Mkononi mwangu kuna alama ya pasi. Anayetaka aje aishike."

Kiongozi wa wageni alimgeukia mkalimani, akangoja. Mkalimani alifikiri, kwa kuwa alikuwa mtu wa haki katika kazi yake, kisha akaeleza kwamba anasikitika, taratibu za ukalimani haziruhusu kutafsiri maneno ambayo msemaji wake haonekani. Angeweza kusingiziwa kwamba ni yake. Mkurugenzi aliongeza kwamba vipaza sauti vya ukumbi ni vipya, bado vinatafuta mahali pa kukaa. Mwenye tai ya bluu aliinua kikombe chake kidogo, kujaziwa.

Mama Kanusho alisimama. Alifungua mdomo. Mkurugenzi alimtazama, msemaji alimtazama kwa upole, naye akaikumbuka kodi ya nyumba, akamkumbuka dada yake na mwiko, akasema kwa sauti ndogo kwamba wageni watakaohitaji sukari zaidi iko upande wa kushoto. Kisha akakaa. Aibu ilimpanda mpaka masikioni, na hakuna aliyeiona hiyo pia.

Wageni waliandika kwamba wamezunguka nchi nzima hawakumwona mwathirika hata mmoja, na kwamba huduma ilikuwa ya kiwango cha juu. Nchi ikapandishwa daraja kwenye orodha ya wale wa nje. Taarifa ya kushukuru aliitunga Mama Kanusho, nayo ilisema tatizo limekwisha kabisa. Jioni Waziri alipoisoma, dada wa Mama Kanusho alikuwa katikati ya kulikemea doa, na doa likazimika. Dada alimalizia sentensi, kisha akaupapasa uso wa mwanawe kama siku ya kwanza.

Kidoti hakuacha kazi ya chai pale wizarani. Alitaka kuacha, wakala akamweleza kwamba mkataba ni wa miaka miwili, na pasipoti yake, aliyoichukua siku ya kumwandikisha, ameshaihifadhi kabatini, kwa usalama. Mama Kanusho alimpeleka kwenye dirisha la malalamiko, ghorofa ya chini ya wizara. Karani aliwasikiliza vizuri tu, akasema mlalamikaji lazima aje mwenyewe. Alipoambiwa amekuja, akachungulia, akasema akija aletwe. Ng'ambo ya barabara bango jipya lilikuwa limepandishwa, kubwa zaidi, na foleni chini yake ilikuwa ndefu. Wengi kwenye foleni walikuwa bado wanaonekana.

Jumatatu iliyofuata lifti iliharibika. Mama Kanusho alipanda na viatu mkononi, akakaa, akawasha kompyuta. Kikombe cha chai kilikuja kikielea kutoka mlangoni, kikatua mezani, mshikio umeelekezwa kushoto. Ni mtu mmoja tu aliyekumbuka kwamba yeye hutumia mkono wa kushoto. Alinyoosha vidole juu ya kikombe, akaligusa lile kovu, gumu, lenye ncha. Lilikuwa na joto.

"Asante, mwanangu," alisema.

Mkurugenzi alikuwa anapita. Alichungulia mlangoni, akauliza anaongea na nani.

"Hakuna mtu, mkuu," alisema Mama Kanusho.

Kovu liliondoka chini ya vidole vyake. Nyayo zilisita kidogo karibu na mlango, kisha zikaendelea, maana chai ya Mkurugenzi ilikuwa bado haijapelekwa.