Chupa ya Kituo cha Tano

Maji hayaruki. Yakitoka kituo cha nne yanapita cha tano, ndipo yafike cha sita. Kwa hiyo Jumanne ile, mpimaji wa maabara ya maji alipokuta kromi kwenye chupa ya sita na kuikosa kabisa kwenye chupa ya tano, alifikiri amekosea mwenyewe. Alisuuza vyombo, akapima upya. Majibu yakarudi yaleyale.

Vituo vya kuchotea sampuli za mto vilikuwa saba. Cha kwanza kilikuwa kwenye chemchemi mlimani, cha saba pale mto unapoingia ziwani, hatua chache kutoka kwenye bomba linalovuta maji ya mji mzima. Cha tano kilikuwa chini kidogo ya kiwanda cha ngozi, na kromi ndiyo dawa inayotumika kutengeneza ngozi. Baada ya hapo kijito kikubwa kiliungana na mto na kuupunguzia uchafu makali, ndiyo maana chupa ya sita haikuwahi kumshtua mtu. Lakini kama kromi ilifika kituo cha sita, ilipita wapi?

Alifungua daftari la miezi ya nyuma. Chumvi ya chupa ya nne na ya tano ilifanana. Joto lilifanana. Hata wiki ile ya mvua kubwa, mto ulipokuwa na rangi ya chai ya maziwa, chupa hizo mbili zilikuwa na tope la kiasi kilekile, kama mapacha waliovishwa sare. Alihesabu miezi ishirini na miwili. Halafu akaona jambo jingine: ilipoanzia miezi hiyo, mwandiko kwenye vikaratasi vya chupa ulibadilika. Haukuwa tena wa Mjomba.

Mjomba alikuwa mjomba wake kwelikweli, kaka wa marehemu mama yake, ingawa maabara nzima walimwita hivyohivyo. Ndiye aliyemlea, na ndiye aliyemfundisha akiwa msichana wa shule kwamba chupa hushikwa mdomo ukielekea maji yanakotoka, ili usiteke vumbi la mikono yako mwenyewe. Alikuwa na miaka thelathini ya kuchota sampuli. Siku hizi alizunguka na dereva mmoja waliyempa jina la Breki, kwa sababu alifunga breki hata kwa kuku aliye kando ya barabara.

Mpimaji alifunga daftari. Kikulacho ki nguoni mwako, alijiambia, kisha akajilaumu kwa kuliwaza hilo juu ya mtu aliyemsomesha.

Alhamisi yake alikuwa akitoka kununua sabuni alipomwona Mjomba akitoka kwenye geti la kiwanda cha ngozi. Mlinzi alimfungulia kwa heshima, wakacheka kidogo, na Mjomba akaondoka taratibu akiwa na kifuko cha karatasi mkononi. Mpimaji alijibanza kwenye kibanda cha fundi wa matairi mpaka akapita. Alipita karibu kabisa, hatua nne tu, wala hakugeuza uso. Ananikwepa, aliwaza mpimaji.

Kesho yake alimsalimia, akamuuliza kama mtu anayepiga soga tu kama jana alitoka. Mjomba akasema alishinda nyumbani, amelala.

Toka hapo kila kitu kilimtia shaka. Alimshuku Breki kwa kukatisha mazungumzo kila alipoingia. Alimshuku hata mkuu wa maabara, bwana mpole aliyetia saini taarifa bila kuzisoma. Wafanyakazi walisema kalamu yake haina macho. Jumapili, badala ya kupumzika, mpimaji alivaa buti akaenda kituo cha tano peke yake. Ukingo ulikuwa mwinamo mkali, umejaa matope, na alishuka akishika mizizi. Maji yalinuka kama mayai yaliyooza. Bomba jeusi lilitoka chini ya ukuta wa kiwanda na kumwaga maji ya kijivu yenye povu. Alichota, akarudi maabara, akapima milango ikiwa imefungwa. Kromi ilikuwa mara kumi na nne ya kiwango kinachoruhusiwa. Chupa hiyo aliificha nyuma kabisa ya friji.

Jumanne aliomba ruhusa akidai jino linamuuma, akaenda kukaa ng'ambo ya mto, mkabala na daraja la kituo cha nne. Saa nne gari lilifika. Breki alishuka kwanza, akazunguka kumfungulia Mjomba mlango, akamshika kiwiko na kumnong'oneza kitu sikioni. Mjomba akateremsha chupa kwa kamba kutoka darajani. Ilipojaa akampa Breki, akateremsha nyingine palepale. Breki akaandika vikaratasi viwili. Kisha gari likaondoka, na lilipofika kwenye njia ya kushukia kituo cha tano, Breki, mtu wa kufunga breki hata kwa kuku, hakupunguza hata mwendo.

Mpimaji aliinuka, akapangusa majani kwenye nguo. Sasa alikuwa na ushahidi, lakini hakuujua moyo wake unataka nini.

Jioni, jua halijazama, alibisha hodi kwa Mjomba. Mkazamjomba alimkaribisha, akamwuliza habari za jino, akaingia jikoni. Mjomba alikuwa kwenye kiti chake karibu na dirisha. Alisisitiza kumpa mgeni maji yeye mwenyewe. Alipapasa mezani mpaka akapata jagi, akachovya ncha ya kidole ndani ya ukingo wa kikombe, akamimina mpaka maji yalipogusa kidole.

Mpimaji alikitazama kile kidole. Hakutaka kuamini haraka. Alitoa karatasi kwenye mkoba, akaiweka mkononi mwake.

"Nisomee hii, Mjomba. Majibu ya leo."

Mjomba aliinua karatasi kwenye mwanga, akaikunjia uso, akatikisa kichwa polepole. "Namba nzuri," alisema. "Nzuri tu."

Karatasi ilikuwa tupu.

"Tangu lini?" mpimaji aliuliza.

Mzee aliiweka karatasi mezani. Kisha, kwa sauti ambayo mpwa wake hakuwahi kuisikia, akaeleza. Jicho la kushoto lilianza kuona ukungu mwaka juzi, la kulia likafuata. Siku moja aliteleza kwenye ukingo wa kituo cha tano, akazama hadi kifuani, na Breki ndiye aliyemvuta. Wakakubaliana kutosema. Ofisi ikijua, itampeleka nyumbani kama kiti kibovu, na sasa alikuwa amebakiza miezi minne tu astaafu kwa heshima. Kuhusu maji, aliapa kwamba hakuona dhambi: miaka yote aliyokuwa na macho, kituo cha nne na cha tano vilitoa majibu yanayokaribiana.

"Hiyo ilikuwa kabla hawajajenga upande wa pili wa kiwanda," mpimaji alisema. "Na kiwandani ulifuata nini?"

Mjomba alitoa kifuko kutoka mfukoni. Ndani mlikuwa na kichupa cha dawa ya matone. Zahanati ya kiwanda ilikuwa ikimpa kila mwezi, bure, tangu siku alipokwenda kuomba maji ya kuosha macho yaliyomwasha.

"Wakakuomba nini?"

"Hawajawahi kuniomba kitu."

"Hilo ndilo linalonitisha."

Mkazamjomba alikuwa amesimama mlangoni na sinia. Mjomba alimwomba mpwa wake asubiri hiyo miezi minne. Mpimaji alimjibu kwamba kikombe alichommiminia kimetoka bombani, na bomba limetoka ziwani. Akaaga bila kuahidi chochote. Usiku huo aliandika taarifa yake, akafuta jina la mjomba wake mara mbili, na mara zote mbili akalirudisha.

Asubuhi alipofika nayo, alimkuta Mjomba kwenye benchi nje ya ofisi ya mkuu, amevaa shati la kutokea, Breki pembeni yake ameinamisha kichwa. Mjomba alisema hataki kusomwa kwenye karatasi, atajisema mwenyewe. Alisema yote, na siku hiyo mkuu wa maabara alisikiliza na kusoma mpaka mstari wa mwisho kabla ya kushika kalamu.

Kamati ya maji ilipowaita watu wa kiwanda, meneja alikuja ametulia, na mkononi alikuwa na nakala za taarifa za maabara yenyewe: miezi ishirini na miwili, maji safi, saini na mihuri. Aliuliza kama sasa wanataka kuzikataa namba zao wenyewe. Mjomba aliinuka, mkono juu ya meza. Meneja akauliza kwa upole asiyeona anawezaje kuwa shahidi.

"Mimi sishuhudii nilichokiona," Mjomba alisema. "Nashuhudia ambacho sikukiona. Hizo chupa sikuzichota pale."

Siku ileile watu watatu waliteremka pamoja kituo cha tano, kila mmoja na chupa yake, na majibu ya wote watatu yakawa mabaya. Bomba jeusi likazibwa mpaka kiwanda kijenge mabwawa ya kusafishia maji. Mjomba aliachishwa kazi bila sherehe. Breki alipewa onyo na kuhamishiwa gari la taka.

Mpimaji ndiye aliyempeleka Mjomba hospitali ya macho. Daktari alimulika jicho moja, akamulika la pili, akasema ni mtoto wa jicho tu, upasuaji mdogo. Alipooneshwa kichupa cha matone alikunja midomo. Matone hayaondoi mtoto wa jicho, alisema, na hakuna mhudumu wa afya asiyelijua hilo.

Maneno hayo hayakumtoka mpimaji kichwani. Siku chache baadaye alimtafuta muuguzi wa zahanati ya kiwanda nyumbani kwake. Mwanamke yule alijibu akiendelea kuanika nguo, bila kumtazama. Alisema alimwandikia mzee barua ya kwenda hospitali mara mbili, na kila mara aliipeleka ofisi ya meneja isainiwe, kwa kuwa ndio utaratibu. Haikurudi hata moja.

"Labda zilipotea," alisema.

"Zote mbili?"

Muuguzi alibana nguo kwenye kamba, akaingia ndani.

Bandeji ilipofunguliwa, Mjomba alipepesa jicho kwa muda mrefu, akamtazama mpwa wake kuanzia juu mpaka chini.

"Kumbe umekonda hivi," alisema.

Walikuwa hawajazungumza vizuri tangu siku ya karatasi tupu, na mpimaji alikuwa amejiandaa kumwambia mengi. Alimweleza habari za barua zile mbili. Halafu akauliza swali moja tu, kama alijua kwa nini watu wa kiwanda walikuwa wakarimu kwake.

Mjomba alifikiri. "Nilishuku," alisema. "Lakini ukishuku kitu kinachokufaa, hukiulizi."

Mpimaji alikaa naye mpaka daktari alipoingia kupima nguvu ya jicho, akamsikiliza akisoma herufi za ukutani moja moja kutoka kubwa hadi ndogo. Ya mwisho alikosea, akageuka kumtazama mpwa wake, na mpwa wake akamwambia ukweli kwamba amekosea.