Wimbo wa Kumficha Sikujua

Mwaka 1953, katika shule ndogo ya misheni jirani na Samuye, Mwalimu Klara alifundisha darasa la pili. Darasani humo alikuwamo Sikujua, binti wa mfugaji Nkwabi, mwenye kifafa. Mwalimu mkuu, Valerian, mtu aliyewaogopa wakaguzi kuliko fisi, alikuwa ameshatoa neno: "Akianguka tena, arudi kwao akachunge mbuzi." Nkwabi akaja kumsihi Klara.

"Mayu, mama yangu, nyumbani ataanguka motoni. Huku angalau ana macho yako."

Klara alimpenda yule mtoto, na mapenzi yakamfanya mjanja. Aliwafundisha wanafunzi kwamba Sikujua akianguka, wote wasimame waimbe jedwali la kuzidisha kwa sauti ya juu, ili ofisini, nyuma ya ukuta, usisikike mshindo wala mkoromo. Kazi ya kumlaza ubavu, ili asizibwe pumzi, aliifanya mwenyewe. Watoto waliogopa lile povu. Makwao waliambiwa linaambukiza, naye hakutaka kubishana na bibi zao.

"Nyie msimguse," aliwaambia. "Imbeni tu."

Ujinga ulioje! Lakini ulifaa muhula mzima, na Valerian akalisifu darasa kwa hesabu.

Asubuhi ya ukaguzi, Klara aliitwa ofisini. Mkaguzi alikuwa anakunywa chai, hana haraka, na Valerian anamweleza habari za shamba la pamba la shule. Ghafla, ng'ambo ya ukuta, sauti zikapanda: mbili mara moja, mbili, mbili mara mbili, nne.

Hakuna aliyewaagiza kuimba.

"Wasikie hao," mkaguzi akasema, akitabasamu. "Hawana mwalimu, na bado wanasoma."

Klara angeinuka, angeulizwa kuna nini, na Sikujua angefukuzwa siku hiyo hiyo. Akajiambia kwamba kifafa cha mtoto ni cha muda mfupi. Huwa kimekwisha kabla jedwali la tatu halijafika mwisho. Akakaza mikono magotini. Jedwali la tatu likaisha. Likaja la nne, kisha la tano, ambalo ndilo la mwisho walilojifunza. Akangoja wanyamaze. Hawakunyamaza. Wakaanza upya: mbili mara moja, mbili.

Hapo alitoka mbio bila kuaga, Valerian akimwita kwa nyuma.

Darasa zima lilikuwa limesimama, wengine wamefumba macho kwa hofu, wanaimba. Sikujua alikuwa amelala kifudifudi kwenye sakafu ya udongo, hatikisiki. Klara akamgeuza. Puani na mdomoni mlikuwa na vumbi lililoloa, na midomo ilikuwa imebadilika rangi. Akamtikisa, akamwita, akamwita tena.

Bujiku, kiranja wa darasa, jasho likimtoka na sauti imemkauka, alisogea karibu na mwalimu wake.

"Mwalimu, hatukunyamaza hata kidogo," akasema. "Wala hatukumgusa."