Jicho Lililotupwa Kibati

Kaka yangu Élisée tulimlilia kwa sababu Kakule alitupa jicho. Hakukuwa na ushahidi mwingine. Walikuwa wanafanya biashara pamoja, wanakwenda Bunagana, mpakani, kuchukua sabuni na vitenge vinavyotoka Uganda, na mwaka 2022 vita vilipoikamata Bunagana, Kakule alirudi nyumbani kwetu Kiwanja peke yake, miguu imevimba. Alisema walipigiwa risasi njiani, kila mtu akakimbilia upande wake. Yeye aligeuka mara moja tu, akaona mtu amelala kifudifudi kwenye mtaro, amevaa koti la kahawia kama la Élisée.

"Nilitupa tu jicho, nikakimbia," alituambia. "Lakini ile koti ni yake."

Hakuna aliyembana kwa maswali. Kakule ni mwanamume, ana duka, husali misa ya kwanza kila Jumapili, na mtu wa namna hiyo akisema kitu watu hutikisa kichwa na kuanza kulia. Tukaanza matanga. Mama yangu, Perpétue, akalala chini kwenye mkeka, na Charline, mke wa Élisée, akavaa nguo nyeusi. Miezi michache baadaye vita vikaingia Kiwanja kwenyewe, tukakimbia: mama, mimi, Charline na watoto wake wawili. Matanga tuliyahamisha pamoja na masufuria. Tulifika Kibati, nje kidogo ya Goma, tukajenga kibanda cha plastiki juu ya mawe ya volkano, na Charline akaendelea kuwa mjane ndani ya kibanda ambacho hata kusimama wima huwezi.

Ninaeleza desturi yetu kwa sababu ndiyo iliyotukaba. Kwetu Wanande, siku ya kuondoa matanga ndugu wa marehemu hunyolewa nywele. Anayeanza ni mama mzazi, kama yupo. Yeye husema mbele ya watu kwamba tumemaliza kulia, anakaa, ananyolewa, ndipo wengine wanafuata na mjane anavua nyeusi. Mama asiponyolewa, hakuna anayenyolewa. Na katika ukoo wetu wazee wanaamini jambo moja zaidi: ukinyoa nywele kwa ajili ya mtoto aliye hai, umemfungia njia ya kurudi. Hataona tena mlango wa kwao.

Mwaka wa 2023 ulipokuwa unakwisha, Charline alipata mchumba. Josias, mgane anayeuza samaki pale Kituku, kando ya ziwa, mtu mpole ambaye huongea kana kwamba maneno yanauzwa. Alikuwa na nyumba ya mbao yenye vyumba viwili na alikubali watoto. Sisi tulifurahi, mama akiwa wa kwanza, kwa sababu mtoto mdogo wa Charline, Fabiola, alikuwa anakohoa tangu mvua zianze na kifua chake kilikuwa kinaita usiku na mchana. Muuguzi wa kambi alisema mtoto yule hatapona akiendelea kulala juu ya mawe yenye maji. Familia ya Josias ilikuwa na sharti moja tu: matanga yaondolewe kwanza. Tukapanga Jumamosi.

Jumanne ya wiki hiyohiyo, mama akamwona Élisée.

Tulikuwa barabarani tunauza mahindi ya kuchoma. Kamio ya jeshi, lori lenye mgongo wazi, ilikuwa inatoka juu, upande wa vita, inashuka Goma, na nyuma walikuwa wamekaa wanaume wasio na sare, wamebanana sakafuni. Walikuwa nani, sijui. Wengine walisema ni mateka, wengine walisema ni watu waliobebeshwa masanduku ya risasi. Mimi nilikuwa nimegeuka ninampa mteja mahindi yake. Nilisikia mama amevuta pumzi kama mtu aliyemwagiwa maji baridi, na nilipogeuka kamio ilikuwa imekwisha kupita, inatimua vumbi jeusi.

"Ni Élisée," mama alisema. "Aliniangalia, akageuza uso."

Nilikimbia nyuma ya kamio ile mpaka kandambili zikakatika. Unaikimbizaje kamio? Nilirudi nikiwa na hasira, na hasira yenyewe haikuwa na mtu wa kumshukia.

Tulianza kuzunguka. Mtu anayeuza mahindi kwenye barabara ile hujifunza lugha zote za wenye njaa, kwa hiyo mimi ndiye niliyekuwa mdomo wa mama. Tulikwenda kwanza bariyere, kwenye kizuizi cha barabara, kwa askari aliyekuwa zamu, kijana wa Kinshasa anayeongea Lingala. Alisikiliza akiwa ameegemea bunduki yake. Aliuliza mama alimwona mwanawe kwa muda gani. Nikamwambia ukweli: kamio ilikuwa inapita.

"Mama, obwaki kaka liso," alisema, si kwa ubaya. Yaani, umetupa jicho tu. Lingala na Kiswahili hapo ni ndugu, wote wanalitupa jicho kama jiwe, na jiwe likishatupwa halikuletei kitu. Tulimwuliza kamio imekwenda wapi. Alisema kamio haziagi.

Kesho yake tulikwenda mjini, kwenye shirika moja linalotafuta watu waliopotea. Mama alivaa kitenge chake kizuri. Alitupokea mama mmoja wa heshima, anaongea Kifaransa cha shule za watawa, akatupa viti na maji ya kunywa, na nilianza kuwa na matumaini kwa sababu ya yale maji. Alipomaliza kusikiliza alivua miwani.

"Ce n'était qu'un coup d'œil, madame."

Kwa Wafaransa jicho linapiga. Ni pigo la jicho, paa, limekwisha. Nilimtafsiria mama, naye akasema ndiyo, hivyo ndivyo lilivyompiga, mpaka sasa kifua kinauma. Yule mama wa ofisi alisikitika kweli, niliona. Lakini alieleza kwamba hawawezi kwenda kuuliza kambi za jeshi kwa habari ya namna ile. Wanahitaji mahali, namba ya kamio, mtu wa pili aliyeona. Mtu wa pili nilikuwa mimi, na mimi nilikuwa nikimpa mteja mahindi. Nilitamani sakafu ile safi ipasuke initie ndani.

Tuliporudi kambini, jirani yetu Mukashyaka alikuwa anatungoja na uji. Ni mama wa Rutshuru, anaongea Kinyarwanda, na tangu tufike Kibati yeye na mama yangu hupikiana kama dada. Yeye mwenyewe aliacha watu porini, kwa hiyo hakucheka.

"Perpétue, wateye akajisho gusa," alisema, akamshika mama mkono. Kinyarwanda hakitupi jicho zima. Kinatuma kijicho, kitu kidogo, kama cha kuku anayechungulia mlangoni. "Miye pia ninamuonaka bwana yangu. Sokoni, kanisani, kila pahali. Nikimusogelea anakuwa mutu mwingine. Macho ya mwenye kulia inadanganya, dada."

Mama alikunywa uji. Halafu akasema kwa Kinande chetu, akiniangalia mimi, kwamba amemwona mwanawe. Hakusema ametupa jicho, hakusema kijicho wala pigo. Alisema amemwona, kama vile unavyosema umemwona padri madhabahuni au jua saa sita mchana.

Hapo ndipo nilipopandwa na jazba. Nilikwenda moja kwa moja kwa Kakule, ambaye naye alikuwa mkimbizi kama sisi, ana meza ya biskuti na vocha karibu na kisima. Nilimwuliza mbele ya wateja wake kama aliuona uso wa yule mtu kwenye mtaro.

"Niliona koti," alisema.

"Uso, yaya Kakule," nilisema, nikimwita kaka mkubwa kama siku zote. " Uliona uso?"

Alipanga biskuti zake upya. Aliniambia nikumbuke risasi zilivyokuwa zinalia, kwamba nisingekaa pale kuangalia sura za watu. Alikuwa na haki, na haki yake ndiyo iliyoniudhi. Jicho lake lilikuwa fupi kuliko la mama, tena liliona mgongo, lakini jicho lile lilitosha kumwua kaka yangu mbele ya familia nzima, tukapika, tukalia, tukavaa nyeusi. La mama halikutosha hata kumwuliza askari swali la pili. Nilimwambia hivyo, kwa sauti. Macho ya Kakule yalijaa machozi, nikaondoka, kwa sababu sikwenda pale kumliza mtu.

Ijumaa ikafika na hatukuwa na kitu. Wazee wa familia walikuwa wamekwisha kuarifiwa. Mama wa Josias alituma neno: matanga yakisogezwa mbele, wao hawangoji tena, kuna wasichana Kituku. Na katekista alisema wazi kwamba mama mzazi akitamka kuwa mwanawe yu hai, hakuna padri atakayemfungisha Charline ndoa. Yote yalikuwa yamerudi kwenye mdomo wa mama.

Jioni Charline alikuja akakaa mbele yake. Fabiola alikuwa mgongoni mwake, anakohoa kikohozi kile kinachomkunja mtoto mzima. Nilikuwa ninachambua maharage pembeni, na nilitaka kutoka, Charline akanizuia kwa mkono nibaki.

"Mama, uniambie ukweli," alisema. "Batu banasema macho yako imechoka. Miye siwasikilize bale batu. Weye ndiye ulimuzaa. Kama ni yeye, nitamungoja. Josias nitamuambia aende. Nitazeeka hapa hapa juu ya mawe, sitakulaumu hata siku moja. Lakini uniambie."

Nilimjua wifi yangu; hakuwa anaigiza. Alimpenda Élisée tangu shule ya msingi, na angengoja kweli. Mama alimtazama kwa muda mrefu. Kisha akamtazama mtoto mgongoni, ambaye alikuwa amemaliza kukohoa na amelegea, mdomo wazi, jasho kwenye nywele.

"Ulale, mutoto yangu," mama alisema. "Kesho tutasema."

Jumamosi watu walikuja kama wanavyokuja kambini, kila mmoja na kiti chake au jiwe lake. Josias alikuja na mama yake na ndoo ya sambaza, samaki wadogo wa ziwani, waliokaangwa. Mukashyaka alileta wanawake wa upande wao. Kakule alisimama nyuma kabisa. Katekista alisali, baba yetu mdogo akasema maneno machache, halafu watu wote wakamgeukia mama. Nilikuwa nimeshika wembe na bakuli la maji ya sabuni. Sikujua kama nitavitumia au nitavimwaga.

Mama alisimama, akafunga vizuri kitenge chake.

"Munajua ninauza mahindi barabarani," alisema. "Moshi inaniingia kila siku. Jumanne niliona mutu kwa kamio nikasema ni mutoto yangu. Haikuwa yeye. Macho yangu imezeeka. Élisée yangu alikufaka kwa njia ya Bunagana, vile Kakule alisema. Tumemaliza kulia."

Watu walipumua. Niliwasikia, kambi nzima ilishusha pumzi kwa pamoja, na kati yao nikamsikia Charline akianza kulia kilio kingine, kile cha mtu aliyefunguliwa kamba. Mama wa Josias alikwenda kumshika. Mukashyaka alitikisa kichwa kumkubalia mama, akafurahi kwamba dada yake amepona.

Mama alikaa kwenye ndoo iliyogeuzwa, akainamisha kichwa mbele yangu.

Sijui kama ninaamini yale mambo ya njia kufungwa. Nimesoma, nimemaliza sekondari, nina cheti ndani ya mfuko wa plastiki. Lakini mkono wangu ulikataa. Nililowesha nywele zake, nikalowesha tena, nikalowesha mara nyingine mpaka maji yakamtiririka shingoni na baba mdogo akakohoa kuniharakisha. Nilimwinamia sikioni kama ninayepima mahali pa kuanzia.

"Mama, tuache," nilimnong'oneza. "Bado unaweza kusema."

"Nyoa, Wivine."

Nikaanza. Nywele zake zilikuwa laini kuliko nilivyofikiri, nyeupe zaidi kwa ndani, zikaanguka mapajani mwake na kwenye mawe. Watu walikuwa wameanza kuongea, mtu mmoja alicheka kwa jambo jingine, sambaza walikuwa wanagawanywa. Charline alikuwa anavua kitambaa cheusi. Hakuna aliyekuwa anatuangalia tena. Nilifika katikati ya kichwa, pale panapopigapiga kwa mtoto mchanga, ndipo mama aliposema, kwa Kinande, polepole sana, ili nisikie mimi peke yangu.

"Amekonda," alisema. "Na jino la mbele wamemvunja."