Kopo la Jeli Mlangoni pa Mapokezi

Hoteli yetu ina sheria: mwanamke wa mapokezi asionekane na unywele uliosimama. Ndiyo maana kopo la jeli limewekwa chini ya kioo, kwenye mlango ambao wafanyakazi tunautumia kuingia mapokezi. Kila asubuhi wasichana hujipaka mpaka ukingo wa nywele ung'ae kama kiatu cha askari. Jeli ni bure. Ukiona cha bure hapa, shtuka.

Mimi ni wa kufua mashuka, na sisahau. Kabla ya jeli ilikuwa viatu virefu. Miguu ilipovimba, tukaambiwa tatizo ni miguu yetu.

Safari hii zamu ilimfikia binti wa marehemu dada yangu. Akiwa mapokezi, alianza kutokwa na chunusi paji zima, hasa pale nywele zinapoanzia. Akazifunika kwa poda, zikaiva. Akazikamua, zikaacha madoa. Msimamizi, tunayemwita Bwana Kioo, akamwambia mbele za watu: "Uso huo unafukuza wageni. Ijumaa ukija nao, kazi huna."

Nikampeleka zahanati. Daktari akapitisha kidole kwenye ukingo wa nywele, kikatoka na utando unaonata.

"Hii ndiyo inayoziba ngozi. Acha kuipaka. Nawa kwa sabuni laini, badilisha foronya, usikamue. Dawa hii ya tyubu paka kidogo usiku. Na uwe na subira, itachukua wiki kadhaa."

"Na nikiendelea na jeli?"

"Utakuwa unapiga deki huku bomba linavuja."

Mtoto akabanwa. Akipaka, uso unamfukuzisha. Asipopaka, nywele zinamfukuzisha.

Ijumaa alikuja nywele zimeoshwa, zimebanwa nyuma, vijinywele vya mbele vimejisimamia vyenyewe. Mimi nilikuwa pale mlangoni, nimekumbatia mataulo, nimejifanya nina shughuli.

"Paka," Bwana Kioo akamsukumia kopo.

"Siwezi, kaka. Daktari amekataza."

"Daktari ndiye aliyekuajiri?"

"Ulitaka uso usafike. Ndio ninaousafisha."

"Unanijibu mimi?"

"Simama hapohapo, mwanangu," nikasema.

"Sibanduki, mama mdogo."

Bwana Kioo akachota jeli kwa vidole viwili, akampelekea usoni. Mtoto akamdaka mkono. Nikayatupa mataulo chini.

"Mguse uone! Wewe mwenye upara utatufundisha nini kuhusu nywele?"

Kengele ya mapokezi ikalia. Hakuna aliyesogea. Ikalia tena, kwa hasira. Zamu ile hapakuwa na mwingine wa kumpokea mgeni.

"Kaka," mtoto akasema, bado kamshika, "ama naenda hivi nilivyo, ama nenda wewe."

Jeli ilikuwa inamdondokea Bwana Kioo kwenye mkono wa shati. Alimtazama mtoto, akautazama mlango. Mkono ukashuka.

Nikamsikia binti yangu upande wa pili: "Karibu sana, pole na safari." Sauti ilikwaruza mwanzoni, kisha ikanyooka. Mgeni alitaka chumba cha juu, mbali na kelele. Akapewa ufunguo.

Hakufukuzwa. Paji lake bado lina madoa, lakini chunusi mpya hazitoki. Kopo lipo palepale. Mwenzake mmoja ameacha kuligusa. Wa pili bado anapaka, ana watoto, anaogopa. Simlaumu. Kila asubuhi nasimama pale na mataulo yangu, asije akabaki peke yake na yule mtu siku akikataa.