Maji ya Mwanangu

Saa kumi na mbili na robo asubuhi, kidonge kiliyeyuka ndani ya kichupa cha kioo na maji hayakugeuka rangi.

Muuguzi alikiinua kichupa mbele ya ukuta mweupe wa jikoni kwa mama yake, akakitazama vizuri. Maji yaliyotiwa dawa ya kuua vijidudu hugeuka waridi kidonge kile kikiingia. Haya yalibaki vilevile, ila chini palikuwa na utando wa kijivu. Alinusa. Yalinuka kama ndoo iliyooshewa nyama na kusahauliwa.

"Unapima maji yangu kama mkojo," mama yake alisema kutoka mlangoni. Alikuwa ameshika kikombe cha bati, na kikombe kilikuwa kimeshanywewa nusu.

"Mama, weka hicho chini."

"Ninywe nini, umande? Mwezi mzima unakuja hapa na vichupa vyako. Sema tu una wivu na mdogo wako."

"Wiki iliyopita ulikuwa unashika ukuta ukienda chooni."

"Uzee huo. Nawe utaufikia, tukuone utashika nini."

Muuguzi alikaza kifuniko cha kichupa. Hasira yake haikuwa ya kupayuka. Ilikuwa ya kufunga vifuniko mpaka vidole viume.

Mtaa mzima wa chini ulimwita mama huyu Mama Bomba. Tangu hajavunja ungo alikuwa akichota bwawani, pamoja na ng'ombe, mpaka bega moja likashuka kuliko jingine. Mwanawe, mdogo wa muuguzi, alisoma uhandisi, akarudi kuwa meneja wa maji wa mji, na bomba la kwanza la mtaa likafungwa uani kwa mama yake. Siku hiyo, mbele ya majirani, mama alifungua koki, akanywa kwa kiganja, akatangaza kwamba hatachemsha maji tena maisha yake yote. Kuchemsha maji ya mwanangu, alisema, ni kumwambia hakusoma.

Watu walicheka, wakapiga makofi. Kisha wakafanya lile ambalo muuguzi hakuweza kulivunja kwa mahubiri yoyote ya kliniki: wakaacha kuchemsha nao. Kila asubuhi aliwaambia akina mama wachemshe, nao wakaitikia ndiyo nesi, ndiyo nesi, wakaenda nyumbani na kuchungulia ua wa Mama Bomba. Jiko halina sufuria la maji. Mama wa mwenye maji hachemshi, mimi nichome mkaa wangu kwa nini?

Mtoto wa muuza mkaa alizikwa Jumapili. Aliharisha siku mbili tu.

Kichwa cha fundi cherehani kilitokeza juu ya ua, tepu ya kupimia ikiwa shingoni. "Mama Bomba, umeamkaje? Nesi, mwanangu kaamkaje huko wodini?"

"Amekojoa alfajiri. Dripu inaingia vizuri."

"Mungu mkubwa."

"Kabla hajaanza kuharisha ulimpa nini?"

"Maziwa ya unga."

"Kwa maji ya moto?"

"Ya bomba." Fundi alimtazama Mama Bomba, si muuguzi. "Si safi?"

"Safi," alisema Mama Bomba, akamalizia kikombe.

*

Ofisi ya maji ilikuwa juu ya kilima, chini ya tangi. Muuguzi alipoingia, mdogo wake alikuwa akiweka simu mezani. Nyuma ya kiti chake, kwenye kona, palisimama mtungi mkubwa wa maji ya kununua, wenye bomba jekundu na bomba la buluu.

"Dada, karibu. Huyo alikuwa Mama. Anasema umemtukana."

"Nimepima maji yake. Hayana dawa hata chembe."

"Kwa vile vidonge? Dada, vile ni vya mabwawa ya kuogelea."

"Ndivyo vilivyoletwa na ofisi yako kliniki. Tena kwa sherehe. Tulipiga picha."

Meneja alicheka kidogo, kisha akaacha. Alikuwa mtu nadhifu, shati jeupe, kalamu mbili mfukoni. "Maabara kuu wanapima chupa zetu kila mwezi. Za mtaa wa chini zimo. Safi, safi, safi. Mimi na wewe tubishane na maabara?"

Mlango ulifunguliwa kwa kiwiko. Mpimaji wa ofisi aliingia amekumbatia boksi la barafu kama mtoto mchanga.

"Shikamoo nesi. Bosi, chupa tayari, nazikimbiza maabara kabla barafu haijayeyuka. Shemeji anakusalimu. Leo chai ilikuwa na tangawizi, tumbo limefunguka."

"Shemeji yupi?" muuguzi aliuliza.

"Mke wa bosi. Kila mara hunipa chai nikienda kujaza."

"Chupa zote unajazia nyumbani kwa bosi?"

"Zote, nesi. Pale bomba halina matope, na mbwa wanafungwa." Alisema kwa fahari ya mtu asiyependa kazi chafu.

"Na za mtaa wa chini?"

"Hizi hapa, zimebandikwa 'mtaa wa chini'. Maji si yaleyale, nesi? Tangi moja."

Mpimaji aliwatazama mmoja mmoja, akarudi nyuma na boksi lake, akafunga mlango kwa mguu.

Nyumba ya meneja ilikuwa hatua chache chini ya tangi. Maji yalifika pale na dawa yake yote. Ili yafike kwa mama yake ilibidi yashuke kilima, yapite chini ya mfereji wa machinjio, ndani ya bomba la zamani lenye viungo vilivyolegea. Muuguzi hakuhitaji kuelezwa. Mdogo wake ndiye aliyemweleza, mwaka alipopewa kazi, akichora kwa uma juu ya kitambaa cha meza: pampu ikizimwa na tangi likiisha, bomba linakosa msukumo, na bomba lisilo na msukumo hunyonya chochote kilicho nje yake.

"Ulijua anakojazia," muuguzi alisema.

"Nilijua ni mvivu. Sikujua ni zote."

"Hukuuliza."

"Dada, nikifunga laini ya chini watarudi bwawani. Bwawani ndiko kuzuri?"

"Sijakwambia ufunge. Nimekwambia tangaza wachemshe. Gari la ofisi lina kipaza sauti. Mmekitumia wiki nzima kuwaalika watu kwenye mashindano ya mpira."

"Nikitangaza leo, kesho nitaulizwa kwa nini chupa zangu zilikuwa safi."

"Ndiyo. Utaulizwa."

"Nina watoto."

"Hata muuza mkaa alikuwa na mtoto. Ulikuja mazikoni umevaa miwani nyeusi, ukabeba jeneza upande wa mbele." Sauti yake haikupanda. "Mkuki kwa nguruwe, mdogo wangu. Huo mtungi wa kununua wa nani?"

Meneja hakugeuka kuutazama. "Wa wageni."

"Uko nusu. Ni wageni wangapi waliokuja leo?"

Meneja alinyanyuka, akavuta kola ya shati lake. "Naenda kumtuliza Mama. Wewe umemchafua moyo, na mwenye presha hachezewi. Ukitaka njoo, lakini uniachie niongee."

*

Saa saba mchana gari la ofisi lilisimama mbele ya nyumba ya Mama Bomba. Lilitosha kuutoa mtaa nje. Fundi cherehani alihamishia cherehani yake kibarazani kwake, akidai ndani hakuna mwanga.

Mama alikuwa amejifunga kitenge cha kutokea. Alimketisha mwanawe kwenye kiti chenye mito, kibarazani, mahali pa kuonekana. Muuguzi alikaa kwenye kigoda, mkoba wake wa vichupa mapajani.

"Umekonda," mama alimwambia meneja. "Maneno ya dada yako yanakula nyama."

"Mama, dada hana ubaya. Ni kazi yake tu."

"Kazi yake ni sindano. Maji ni yako." Alienda bombani mwenyewe, akasuuza bilauri ya kioo aliyoiweka kwa ajili ya wageni, akaijaza, akaileta kwa mikono miwili. "Kunywa, koo lipoe. Kisha umwambie."

Meneja alipokea. Maji yalikuwa meupe kwa macho. Aliishika bilauri, akaiweka juu ya goti.

"Ahsante, Mama."

"Kunywa basi."

"Nimetoka kunywa sasa hivi, ofisini."

"Onja tu."

"Tumbo langu leo..."

Cherehani ya fundi ilinyamaza. Muuguzi alikuwa ameombwa amwachie mdogo wake aongee, na alikuwa akimwachia.

Mama Bomba alimtazama mwanawe, kisha akautazama mtaa uliokuwa ukimtazama. Uso wake ulifanya kile ulichokuwa ukifanya tangu mvulana yule akiwa anarudi kutoka shuleni na kaptula iliyochanika: ulimficha. Alicheka kwa sauti.

"Huyu tangu utotoni hapendi maji! Haya, lete. Mama yako atakunywa kwa niaba yako."

Aliichukua bilauri pale gotini na kuipeleka mdomoni.

"Mama, usinywe!"

Mkono wa meneja ulikuwa umeshamkamata mama yake kwenye kifundo cha mkono. Maji yalimwagika kwenye kitenge, mengine kwenye shati jeupe. Bilauri haikuvunjika. Ilibaki kati yao, imeshikwa na watu wawili.

Mama alisubiri aachiwe. Alipoachiwa aliiweka bilauri chini, taratibu.

"Tangu lini?" aliuliza.

Meneja alitazama viatu vyake.

"Nakuuliza wewe. Dada yako aliniambia mwezi mzima, nikamtukana. Tangu lini?"

"Muda, Mama."

"Na mimi nikinywa. Kila asubuhi, mbele za watu, nikinywa." Aligeuza kichwa kuelekea nyumba ya muuza mkaa, ambako mlango ulikuwa umefungwa. "Mama yule aliniuliza. Mtoto akiwa bado ananyonya aliniuliza hapo uani, nimpe tu ya bomba? Nikamwambia mpe, ni ya mwanangu."

"Mama..." muuguzi alianza.

"Wewe nyamaza. Ulisema sana, nimesikia leo."

Aliingia ndani. Vyombo viligongana jikoni. Alitoka akiburuta jiko la mkaa, akalipitisha katikati ya watoto wake, akaliteremsha kibarazani na kuliweka barabarani kabisa, mbele ya gari la ofisi. Akarudi kuleta sufuria la shughuli, lile ambalo huazimwa na mtaa wote. Alilijaza kwenye bomba la mwanawe mpaka ukingoni, na muuguzi akamsaidia kulibeba upande mmoja. Akamwaga mkaa, akatia kijinga, kisha akamnyooshea meneja kipepeo.

"Pepea."

"Mama, watu wanaangalia."

"Ndiyo maana nimeliweka hapa."

Meneja wa maji wa mji alichuchumaa barabarani na shati lake lililolowa, akapepea. Majivu yaliruka yakamkalia kwenye kalamu zake mbili. Muuguzi alimtazama na hasira yake haikupungua hata punje. Aliangalia saa, kwa sababu mtu anapaswa kujua maji yamechemka kwa muda gani.

Fundi cherehani alikuwa ameshafika kwenye ua. "Mama Bomba," aliita, na sauti yake ilikuwa ndogo. "Unapika nini?"

"Maji," alisema Mama Bomba.

"Ya bomba?"

"Ya bomba. Mwenyewe ndiye anayepepea, muulize."

Fundi hakumuuliza. Alimtazama aliyechuchumaa, na aliyechuchumaa hakuinua uso. Alivua tepu shingoni, akaitupa juu ya cherehani, akaingia ndani kwake.

Sufuria lilichemka saa nane kasoro dakika tano. Saa nane kamili fundi cherehani alitoka na jiko lake mikononi, akaliweka barabarani kando ya lile la Mama Bomba, akaomba kaa la moto.