Amina kwa Mashimo ya Kabambare

Apolline alitoka Kabambare kwa pikipiki, amebanwa katikati ya dereva na mama yake mdogo, Yvette. Walipofika Kasongo tope lilikuwa limempanda mpaka kwenye nyusi, naye hakujali hata kidogo. Alikuwa na shairi kichwani na furaha mpaka kwenye vidole vya miguu.

Mama Yvette ndiye aliyemlea, na sharti lake lilikuwa moja.

"Nitakusikiliza mara hii tu. Ukinipatisha haya mbele ya watu, mambo ya slam imeisha. Utarudilia mashini ya kushona."

Apolline alikubali. Angefanya nini? Tangu aliposikia slam redioni, mashairi ya mdomo mtupu, bila ngoma wala gitaa, alikuwa hawezi kuosha hata sahani bila kuihutubia.

Jioni ya onyesho, ukumbi wa parokia ulijaa. Kanzu na kofia upande huu, vitenge vya kwaya upande ule, na hakuna aliyewahi kuona slam. Hervé, kijana wa mjini, ndiye aliyefungua. Alisema mstari wa kwanza, akanyamaza kidogo ili uwaingie watu.

"Amina!" ukumbi mzima ukaitika.

Msiwalaumu. Padri akinyamaza, watu huitika. Shehe akinyamaza, watu huitika. Lakini Hervé alichanganyikiwa, akasahau yote, akashuka amenuna.

Ikawa zamu ya Apolline. Shairi lake lilikuwa la huzuni tupu.

"Barabara ya kwetu, unakulaka magurudumu!"

"Amina!"

Alimwona Mama Yvette akijifunika uso kwa kitenge. Basi, yamekwisha, aliwaza. Hapo hapo kicheko kikamtekenya kooni, naye akakiachia. Kumbe mnapenda kuitika? Haya, itikeni!

"Mashimo yetu iongezeke!"

"Amina!" walijibu kabla ya kufikiri.

"Izale watoto na wajukuu!"

"Ami..." Wakaangua kicheko.

"Na mutu mwenye alituahidi lami, apande pikipiki ya kwenda Lusangi, mvua inyeshe, mbuzi juu ya mapaja!"

"AMINA!"

Viti vya plastiki vilianguka. Mzee mmoja alivua kofia yake akafutia machozi. Apolline hakujua tena maneno yalikotoka. Yalikuja yenyewe, yakisukumana mlangoni. Alipenda jambo hili, jamani, alilipenda mpaka akaona kizunguzungu.

Kesho yake walirudi. Mama Yvette, nyuma ya pikipiki, hakuwa amesema neno tangu jana.

"Mama, umekasirika?"

Mara pikipiki ikatumbukia shimoni, tope likawaogesha wote watatu. Mama Yvette alijipangusa mdomo, akainua mkono juu.

"Na shimo hii izale mapacha!"

Kisha akanyamaza, kidevu juu, akingoja.

"Amina!" Apolline akapiga kelele kwa koo lote.