Unga Mpaka Ukingoni

"Toa mikono yako, Mirsad. Ukigusa tu, mapatano yamevunjika."

Mirsad akarudi nyuma mpaka mlangoni. Sanduku la mama yake lilikuwa tayari garini. Huko Sarajevo, nyumba ya Mirsad ilikuwa na chumba kitupu, lifti, na dirisha linalotazama ukuta. Lakini mama huyo, Zumreta, alikuwa ameweka sharti: akiutandaza unga uliokandwa wa bureki, pai yao ya nyama, ukafunika meza nzima bila kutoboka, anabaki hapa kwake. Ukitoboka, anapanda gari.

"Toka hapo na huo uso wa msibani," jirani yao Razija alimchokoza. "Utauchachisha unga."

Tangu kiharusi kimwangushe, mkono wa kushoto wa Zumreta ulikuwa kama wa kuazima. Majira yote ya baridi aliufundisha upya. Alianza na kidonge cha unga juu ya kisahani. Kilipomtii, akahamia kwenye sahani. Kisha sinia. Vilivyochanika alivioka, akavila pamoja na Razija, Razija akanenepa.

Sasa meza. Alipenyeza ngumi zote mbili chini ya unga, akauvuta taratibu huku akiizunguka meza. Mkono wa kulia uliijua njia. Wa kushoto uliufuata ukisitasita, ukitetemeka. Unga ukakonda, ukang'aa, ukashuka ukingo wa kwanza, wa pili, wa tatu.

Kwenye kona ya mwisho kidole kikakakamaa.

Tundu. Dogo kama punje ya dengu, lakini wote watatu waliliona.

"Mama," Mirsad alisema kwa sauti ya chini, "unga umetoboka."

"Macho ninayo, mwanangu."

Zumreta hakumtazama mtu. Aliuleta mkono wa kushoto, huo huo uliokosa, akavisogeza kidole gumba na cha shahada. Vikagoma. Vikateleza. Vikakutana. Akabana, tundu likaziba. Kisha akauvuta unga mpaka ukaning'inia ukingo wa nne.

"Haya, niletee koti langu," alisema. "Tulishapatana."

Mirsad hakuondoka. Alikuwa akikikodolea macho kile kidole gumba, ambacho hospitalini kilishindwa kushika hata kijiko.

"Nyama iko wapi?" akauliza.

"Nawa kwanza."

Maji yakaanza kutiririka. Upepo wa dirishani ukapenya chini ya unga, ukauinua kidogo, kisha ukaulaza. Maua ya kitambaa cha meza yalionekana chini yake, yote, isipokuwa pale palipobanwa.